Mahali Gita Linapoachia

Wiki ile nzima nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: nitajuaje kwamba mtu wa mwisho ametua mzigo? Vidole vyangu vilikuwa tayari. Hata mjomba, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alikuwa amekubali kwamba viko tayari. Nilichokuwa sikiamini ni macho yangu. Jumapili ya mavuno kanisani kwa nyanya, Wusi, watu wangeingia kwa mlango wa nyuma na mazao yao, mimi ningesimama mbele na gita la solo, na wakati fulani ambao hakuna mtu angenionyesha, ningetakiwa kuachia. Nikiachia mapema, nimeharibu. Nikichelewa, nimeharibu vilevile. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa hadi mazoezi ya Jumamosi nimwambie kama nitapiga, la sivyo atumie kinanda.

Anayetoka kwingine huenda asijue kuachia ni nini, kwa hiyo nieleze. Wimbo wetu wa kutoa mavuno una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Watu wanaingia kwa mstari, mwenye mkungu wa ndizi mgongoni, mwenye miwa begani, mwenye kikapu cha viazi kichwani, wanayumba kidogo kulia na kushoto huku wakisonga mbele. Ngoma iko chini, magita ya ridhim na besi yanatembea nao, na solo inawajibu waimbaji kwa nota chache tu. Mtu akifika mbele anatua mzigo wake kwenye turubai na kusimama kando. Mizigo yote ikishatuliwa, waimbaji wananyamaza na gita linaachia: vipande vifupi vya haraka, juu kabisa kwenye shingo ya gita, vinarudiwa na kurudiwa, na watu ambao sasa mikono yao ni mitupu wanacheza hadi kwenye viti vyao. Hapo hata wazee wa kanisa hutoa leso mifukoni na kuzipunga. Ni sehemu ambayo watu huizungumzia hadi mwaka unaofuata. Hakuna anayetangaza kwamba sasa ianze. Mpiga solo ndiye anayeangalia na kuamua.

Nilianza kujifunza gita kwa sababu ya kungoja. Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi, shahada ya takwimu, nikarudi Voi kukaa kwa mjomba, kaka yake mama, kwa kuwa mama na nyanya wako juu Wusi ambako mtandao huja unapotaka. Asubuhi nilituma maombi ya kazi. Alasiri nilifundisha hesabu watoto wa majirani. Katikati ya hayo nilikaa mezani nikitafuna kucha na kujiuliza kama lile neno nililoandika kwenye barua ya asubuhi lilikuwa la kiburi, au pengine halikuwa na kiburi cha kutosha.

"Mpwa," mjomba aliniambia siku moja, "badala ya kuvila hivyo vidole, vipe kazi."

Mjomba alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya upili hapo mjini. Wikendi alipiga solo na wenzake kwenye harusi na makanisani. Alikuwa akijisifu waziwazi na hakuona haya. Alisema toka Mwatate hadi Taveta kuna wapiga solo wazuri wengi, na kwamba amewafundisha nusu yao na nusu nyingine wamemwibia. Alinipa gita lake la zamani, akanionyesha kipande kimoja cha nota chache kwenye nyuzi mbili za chini, zile nyembamba, na akaenda kusahihisha vitabu.

Nilikitendea kipande kile kama nilivyozoea kutendea kila kitu. Nilitafuta video kwenye simu, nikazipunguza mwendo, nikatazama mkono wa mpigaji mmoja baada ya mwingine. Nilipakua programu inayogonga mapigo, nikaiweka polepole, nikawa naipandisha kidogo kila nilipopiga bila kukosea. Tatizo langu halikuwa mkono wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kigumu mwanzoni, lakini kilizoea. Tatizo lilikuwa piki, kile kipande cha plastiki cha kugongea nyuzi, kwenye mkono wa kulia. Ilibidi igonge chini, juu, chini, juu, bila kusimama, na kila ilipovuka toka uzi mmoja kwenda mwingine ilikwama, kama mguu unaojikwaa kizingitini. Joto la Voi nalo halikusaidia. Ifikapo saa nane mchana vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho, na nyuzi zilishika kutu mapema hadi zikaniachia mistari ya kahawia kwenye ncha za vidole.

Mjomba alinisikiliza toka chumba cha pili bila kuinua kichwa.

"Unakimbia mvua?"

"Nafuata mapigo ya programu."

"Hiyo programu inaenda wapi?"

"Haiendi popote, mjomba. Inagonga tu."

"Basi mbona una haraka ya kufika?"

Nilipoweza kupiga kipande cha kwanza kwa kasi, nilidhani sasa nimejua, nikataka cha pili na cha tatu. Nilivipanga mfululizo, kila kimoja mara chache, kisha kingine. Hapo ndipo mjomba aliweka kalamu chini na kuja kusimama mlangoni. Aliniambia nirudi kwa kile cha kwanza nikae nacho. Nikakirudia hadi nikachoka. Nikataka kubadilisha, akakataa kwa kichwa. Nikaendelea. Baada ya muda kitu fulani kilibadilika. Nota zilikuwa zilezile, ila mkono ulikuwa umeacha kuzipeleka, ulikuwa unaenda nazo. Mama jirani aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ua alianza kutikisa mabega, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

"Unaona?" mjomba alisema. "Wao hawajachoka nacho. Uliyechoka ni wewe. Mtu wa kufikiri sana huwa anabadilisha kabla watu hawajaanza kufurahi."

Niliudhika, kwa sababu ilikuwa kweli kuhusu mambo mengine pia.

Mara ya kwanza kupiga solo mbele ya watu ilikuwa mlimani Sagalla. Kanisa moja la huko lilikuwa limewaita mjomba na wenzake kwa sikukuu ya mavuno, nami nikaenda nao. Tulipofika mjomba aliniambia leo nishike solo, yeye atashika ridhim. Alisema hivyo akishuka kwenye boda boda, ili nisipate nafasi ya kufikiria jambo hilo.

Mvua za mwaka ule hazikuwa zimetosha. Watu walileta kunde, pojo, mahindi kidogo, kuku wawili watatu waliofungwa miguu. Na wanawake kadhaa walileta maji. Sagalla ndoo ya maji ni sadaka kama mkungu wa ndizi ulivyo sadaka Wusi. Mtu ameipandisha mlima kichwani, na juu ya maji ameweka tawi dogo lenye majani ili yasichezecheze na kumwagika. Niliziona zile ndoo zikiwa zimepangwa nje ya mlango kabla ya ibada. Nilifikiri ni maji ya kupikia.

Wimbo ulianza, watu wakaanza kuingia, na mimi nikainamisha macho kwenye shingo ya gita. Nilikuwa naviangalia vidole vyangu kama mlinzi anayeangalia lango. Waimbaji walimaliza ubeti mmoja wakanyamaza kidogo ili kuvuta pumzi. Nilisikia ule ukimya, nikadhani ndio wenyewe. Nikaachia.

Nilipiga vizuri. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Piki haikukwama hata mara moja. Mpiga ngoma, ambaye kazi yake ni kumfuata solo, alinifuata. Waliokuwa wametua wakaanza kucheza kurudi viti vyao, na pale katikati ya kanisa wakakutana na wale ambao bado walikuwa na mizigo. Mwanamke mmoja alikuwa nyuma kabisa na ndoo kichwani. Angeweza kusimama angoje. Lakini hakuna mtu anayetaka kuonekana amesimama wimbo wa sadaka ukiwa umechemka, kwa hiyo alijaribu kwenda na mwendo wetu. Alikaza shingo, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akachapua miguu. Maji yalipita juu ya ukingo, yakamshukia begani, kwenye gauni, kwenye sakafu ya saruji. Nilipoinua macho alikuwa anatua ndoo yake kwenye turubai, ikiwa nusu, tawi limelala ndani limeegemea upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa maji toka mlangoni hadi mbele.

Hakuna aliyenigombeza. Ibada iliendelea. Baadaye, tukila nje, yule mwanamke alinijia na sahani yake mkononi. Bega la gauni lilikuwa bado halijakauka.

"Wewe ndiye wa gita?"

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

"Unajua kupiga," alisema. "Siku nyingine ningoje nitue."

Akaenda kukaa na wenzake. Mpiga ngoma ndiye ambaye hakuniachilia. "Dada," aliniambia tukifunga vyombo, "watu wa hapa wameomba mvua mwaka mzima, kumbe wangekuita wewe tu." Toka siku hiyo akawa ananiita Mvua. Nilicheka kila aliponiita, na kila nilipoombwa kupiga kanisani nilikataa. Nilipiga chumbani. Nilifikia kasi ambayo mjomba mwenyewe alisema hataki kushindana nayo, na kila nilipofika hapo nilimwona yule mama akikaza shingo.

Kisha mjomba akapata uhamisho. Shule yake mpya ilikuwa upande wa Njukini, mwisho kabisa wa kaunti, karibu na mpaka. Alifunga vitu vyake akaliacha gita zuri, lile la solo, ukutani.

"Nimeambiwa nyumba ya mwalimu ina mchwa," alisema. "Gita libaki. Nawe ubaki nalo."

Ndivyo ilivyotokea kwamba mavuno ya Wusi yalipokaribia, kanisa la nyanya, ambalo mjomba ndiye aliyekuwa akilipigia, halikuwa na mpiga solo. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu. Ni kijana mpole anayefundisha shule ya msingi, na aliniuliza kana kwamba ananiuliza hali ya hewa. Alisema wamenunua kinanda chenye midundo iliyohifadhiwa ndani, na mtu anaweza kurekodi wimbo mzima, ule wa polepole na ule wa kuachia, kisha akabonyeza tu. Wengine walipendelea hivyo. Wengine walisema mavuno bila gita ni kama kimanga, ule mseto wetu wa kupondwa, bila maharagwe. Alitaka kujua msimamo wangu kabla ya Jumamosi.

Nilimwambia nitafikiri, jambo ambalo sihitaji kuombwa.

Niliwaza kila kitu. Uzi ungekatika. Stima ingepotea na ampli, ile ya kukuza sauti ya gita, ingezimika. Waimbaji wangeanza juu kuliko nilivyozoea. Haya yote nilikuwa na jibu lake. Swali ambalo halikuwa na jibu lilikuwa lilelile, nikampigia mjomba. Nyuma yake nilisikia soko, mtu akinadi maharagwe.

"Wewe huwa unajuaje kwamba wamemaliza kutua?"

"Sijui," alisema. "Naangalia mlango. Mlango ukiwa mtupu, naangalia miguu. Miguu ikiwa myepesi, naachia."

"Na ukikosea?"

"Nimekosea sana. Unafikiri nilizaliwa hivi?" Nyuma yake mnunuzi alikuwa akibishania bei. "Siku ile Sagalla, mpwa, hukuangalia vibaya. Hukuangalia kabisa. Ulikuwa na vidole vyako mle kanisani, nyinyi wawili peke yenu."

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi mlangoni. Niliweka kiti nikaelekea barabara ya mtaa, nikajikataza kutazama gita. Nilipiga ile sehemu ya polepole nikifuata watu waliopita: mwanafunzi na begi, mzee na baiskeli yake anayoisukuma kwa mkono, mwanamke na gunia la makaa. Nilisubiri hadi mtu apotee kwenye kona, ndipo nikaachia. Mwanzoni vidole vilipotea mara tu macho yalipoviacha. Halafu vilianza kujitafutia njia. Yule mama jirani alikuja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nikipita unapiga polepole, nikishapita unapiga haraka. Unanichunga?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nikitaka anaweza kupita na ndoo. Akapita kweli, akaenda na kurudi na ndoo ya nguo zenye maji, akijitia kuchoka njiani ili kunijaribu. Mara moja niliachia kabla hajafika kwenye kamba ya nguo. Alisimama, akanitazama, akamwaga povu kidogo miguuni pake makusudi. Sikurudia.

Hata hivyo, nilipopanda Wusi siku ya Ijumaa nilikuwa bado sijaamua. Ua wa jirani si kanisa. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ambayo mtu wa Voi huisahau hadi imshike masikio. Nyanya alikuwa shambani akichagua mkungu wa kukata. Goti lake la kushoto linamsumbua, anatembea akilivuta, na njia ya kwenda kanisani ni ya kushuka kisha kupanda. Mama alikuwa anamsihi.

"Mama, acha kijana mmoja akubebee. Wewe utaingia nao tu."

"Nikibebewa, nitakuwa nimetoa nini?" nyanya alisema. "Nitakuwa nimeenda kutazama ndizi zangu zikitolewa."

Alichagua mkungu ambao si mkubwa sana na si mdogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Nasikia mwaka huu tutachezeshwa na mashine."

"Bado hatujajua, nyanya."

"Basi mtakapojua mniambie," alisema, na kurudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi kwenye mazoezi mwalimu wa kwaya hakuniuliza mara moja. Alisema kwanza tujaribu kinanda, ili tuone. Alikuwa ameurekodi wimbo vizuri kabisa, lazima niseme. Wanakwaya wachache walichukua ndoo tupu na vikapu vitupu wakaenda mlangoni, wakaanza kuingia kama watakavyoingia watu kesho. Mmoja wao, msichana mcheshi wa sauti ya kwanza, aliamua kuigiza wazee, akawa anatembea ameinama akishika kiuno. Wote walicheka. Walikuwa bado katikati ya kanisa wakati kinanda kilipoachia. Hakikukosea. Kilifika mahali kilipoambiwa kiachie, kikaachia. Wale wa mbele wakaanza kucheza, yule msichana akabaki peke yake katikati, ameinama na kikapu, akiwa hajui acheze au aendelee kuzeeka.

Mwalimu wa kwaya alikizima. Alikuna kichwa.

"Nitarefusha ile ya kwanza," alisema.

"Urefushe kiasi gani?" niliuliza.

"Sijui. Inategemea watu watakuwa wangapi na mizigo gani. Au tutawaambia waharakishe kidogo."

"Nani atamwambia nyanya yangu aharakishe?"

"Wewe," mpiga besi wa kanisa alisema. "Ni nyanya yako. Sisi bado tunapenda maisha."

Walicheka tena. Mimi nilikuwa nakitazama kile kinanda. Kilikuwa kimefanya kosa langu la Sagalla, lilelile, kwa nota safi bila kukwama, nacho kingelifanya kesho tena kwa sababu hakikuwa na macho ya kuelekeza mlangoni. Hakuna mama ambaye angekifuata nje na sahani yake akakiambia kimngoje. Mimi nilikuwa nimeambiwa.

"Nitapiga mimi," nilisema.

Mwalimu wa kwaya alisubiri, nadhani alitarajia niongeze "lakini". Sikuongeza. Akachomoa waya wa kinanda, akanipa nafasi kwenye ampli.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Nililivaa gita la mjomba, nikaelekeza uso mlangoni, na nikaanza kuwajibu waimbaji kwa zile nota chache. Waliingia. Miwa, kabichi, mahindi, jogoo aliyepinga safari yote. Ubeti uliisha, waimbaji wakavuta pumzi, mkono wangu wa kulia ukashtuka kutaka kwenda. Niliurudisha. Mpiga ngoma wa kanisa alinitazama. Nilitikisa kichwa, tukazunguka upya. Ubeti ukaisha tena. Waliotua walikuwa wamejaa kando ya turubai, wanachezesha vidole vya miguu, na mzee mmoja tayari alikuwa ameshatoa leso yake. Mlango ulikuwa mtupu. Nikaendelea kuuangalia.

Nyanya alitokea mlangoni na mkungu wake mgongoni, kamba imepita kifuani. Alisimama pale kidogo akipumua. Kisha akaja, mguu mmoja ukivuta mwingine, akiyumba kulia na kushoto inavyotakiwa. Nilipiga kipande kilekile, na kilekile, na kilekile tena. Hakuna aliyeonekana kuchoka nacho. Alipofika kwenye turubai alikataa mikono ya watu wawili waliotaka kumsaidia, akapinda lile goti zima, la kulia, akautua mkungu mwenyewe. Akasimama wima. Leso aliyojifunga ilikuwa imelegea kiunoni kwa sababu ya kamba, akaifungua, akaifunga upya bila haraka, akakaza fundo.

Nilingoja hilo pia. Kisha akainua mguu, nami nikaachia.